Ripoti Kabatini, Sangara Ziwani

Jioni pale Kirumba Mwaloni, mazungumzo ya kijiweni yakifika kwenye samaki, hakosi mtu wa kueleza jinsi sangara alivyoingia Ziwa Victoria. Mmoja atasema Mzungu alimleta kwenye ndoo. Mwingine atabisha: hapana, alipanda mwenyewe kutoka mto Nile. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa, atakata shauri kwamba waliomleta hawakujua watendalo. Walitaka kutuongezea kitoweo, mambo yakaharibika, basi. Hapo wote huafikiana, kahawa huongezwa, na mada huhamia Simba na Yanga.

Ndugu msomaji, hilo neno la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Kwa muda mrefu nimekuwa na ndoto ya kuandika riwaya ya ziwa hili, maana nimekulia kando yake na shule niliyosoma ililipiwa ada kwa dagaa. Nikajisemea kwamba kabla sijamtunga mhusika hata mmoja, niijue kwanza historia yenyewe. Nikaanza kuokota vitabu, makala na ripoti za uvuvi, nyingi zikiwa za Kiingereza kigumu, kamusi mkononi. Na nilichokikuta kilinishangaza kuliko riwaya yoyote. Si kweli kwamba watu hawakujua. Hatari ilijulikana. Iliandikwa, ikapigwa chapa na kuwekwa kabatini miaka mingi kabla sangara hajatia mkia katika maji haya.

Tuanze mwanzo. Zamani wavuvi wa Nyanza walivua kwa migono, ndoana, mikuki na nyavu za mafunjo. Samaki wa heshima alikuwa ngege, jamii ya perege, mwenye nyama tamu. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, soko likafunguka. Mwaka 1905 zikaingia nyavu za kutega za kizungu katika ghuba ya Kavirondo, ambayo leo twaiita ghuba ya Winam. Mwanzoni nyavu hizo zilitoka majini zimejaa ngege, mtu akadhani ziwa halina mwisho. Lakini nyavu ziliongezeka, na kadiri zilivyoongezeka kila wavu ulitoka na samaki wachache zaidi. Mvuvi alikuwa akifanya kazi ileile, akirudi na kapu jepesi.

Ndipo serikali za kikoloni zilipomwita mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham. Mwaka 1927 na 1928 alizunguka ziwa, akapima kina, akavua, akahesabu, akauliza. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza ziwa hili kuchunguzwa kisayansi kutoka pembe hadi pembe. Alipendekeza mambo kadhaa, nami nitayataja mawili tu. La kwanza: macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. La pili: kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine ni hatari kubwa sana, na asithubutu mtu kufanya hivyo bila utafiti wa kina kwanza.

Hebu turudie mwaka huo: 1929. Babu zetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Neno lilikwisha semwa.

Pendekezo la kwanza lilisikilizwa kidogo. Katika miaka ya 1930 ikatungwa sheria ya inchi 5. Lakini sheria bila msimamizi ni kama mtumbwi bila kasia. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, nyepesi, imara, zinazonasa kuliko za zamani. Wenye nyavu za macho madogo walipata zaidi, na wenye kutii sheria walibaki wakiwatazama. Badala ya kuisimamia sheria, serikali zikaanza kuifuta, na baada ya hapo ngege alianguka. Leo ukitaka kumwona ngege halisi, utamtafuta katika viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya, ambako watafiti walimkuta akiwa bado hai kama mkimbizi. Na huyu sato tunayejivunia hotelini pamoja na ugali wetu, naye si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ili kuziba pengo la ngege.

Sasa tuingie kwenye kisa cha sangara.

Mwaka 1947 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki, makao yake Jinja, pale Nile inapoliaga ziwa. Watafiti wa Jinja walikuwa na swali kubwa mezani. Maafisa wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda walitazama ziwa wakaona furu wamejaa tele. Furu ni wadogo na wana miiba, soko lao ni la vijijini, na kwa lugha ya maafisa walikuwa ni takataka. Wakapata wazo: tulete sangara kutoka Ziwa Albert, awale hawa takataka, ageuze miiba kuwa minofu. Isitoshe, Wazungu wenye kupenda kuvua kwa mchezo wangepata samaki wa kuwatoa jasho, maana sangara anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200.

Watafiti wakapinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, alichapisha hoja zake mwaka 1960. Hoja yake moja hata mama muuza samaki angeielewa bila kwenda shule. Sangara hapati kilo moja ya nyama kwa kula kilo moja ya furu; anahitaji kilo kadhaa. Kwa hiyo ukimleta hutapata samaki wengi zaidi, utapata wachache wenye umbo kubwa. Na akishamaliza furu atakula nini? Tena akiingia hatolewi. Wavu ukikosea utaushona, lakini samaki akishazaa ziwani hakuna wa kumwita arudi.

Lakini wakati watu wanabishana kwa kalamu, sangara alikwisha fika. Mwaka 1960 alianza kunaswa Ziwa Victoria. Ikasemwa labda amepenya kwenye bwawa la Owen Falls. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, mtafiti Robert Pringle alichapisha makala baada ya kufukua nyaraka na kumbukumbu za wahusika. Ushahidi alioukusanya unaelekeza kwamba sangara alitiwa ziwani kwa siri kuanzia mwaka 1954, na watumishi wa idara ileile iliyomtaka. Kisha, kwa kuwa alikwisha onekana, hoja ikageuka: maadamu yumo, basi na tumwongeze. Mwaka 1962 na 1963 akamwagwa hadharani, upande wa Uganda na upande wa Kenya.

Mwandishi wa riwaya akitunga kisa hiki ataambiwa ametia chumvi. Mjadala unaendelea mezani, na huku aliyetaka kushinda amekwenda usiku na debe la samaki.

Kwa miaka karibu 20 hakuna kubwa lililotokea. Watu wakasema, mnaona? Wasomi waoga hao! Kati ya 1969 na 1971 meli ya utafiti iitwayo Ibis ilikokota nyavu katika ziwa zima. Mtafiti wa Uganda, A. W. Kudhongania, na mwenzake Cordone wakakuta kwamba kati ya samaki wa chini wanaonaswa kwa nyavu za kukokota, furu peke yao walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wote. Takataka hao ndio waliokuwa ziwa lenyewe! Matokeo hayo yangeweza kutufundisha kuwaheshimu furu. Badala yake, katikati ya miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda Mwanza cha kuwasaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo, na meli za kukokota zikaingia kazini. Furu jike wa ziwa hili hutunza mayai mdomoni, tena mayai machache. Samaki wa namna hiyo ukimvua kwa tani hawezi kujazia pengo haraka. Katika ghuba ya Mwanza walianza kupungua hata kabla sangara hajawa wengi.

Mwaka 1977 timu ya watafiti kutoka chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kazi Mwanza pamoja na Watanzania. Walikuja kuchunguza maisha ya furu: nani anakula nini, nani anazaa wapi. Wakawa wanawapa majina, maana aina zilikuwa mamia, nyingi hazijaandikwa popote duniani. Kumbe walikuwa kama karani wa sensa aliyefika kijijini mafuriko yakiwa njiani. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, sangara walilipuka. Ndani ya miaka michache tu, nyavu za watafiti zilizozoea kutoka na furu wa kila rangi zikawa zinatoka na sangara na dagaa. Wataalamu hukadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba aina kama 200 zilitoweka. Mmoja wa timu ile, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya msiba huo, kikatoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kwa Kiingereza mwaka 1996. Vijana wengi wa Mwanza tuliozaliwa juu ya mawe ya ziwa hilohilo hatujawahi hata kukiona.

Tusimtwike sangara mzigo wote peke yake. Misitu ilikatwa, udongo na mbolea vikateremka na mvua, miji ikamwaga uchafu. Mwani ukastawi, maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo ambalo hadi leo naona ni la kusikitisha. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakichafuka, mwanga hupungua, nyekundu na buluu hazitofautiki, na aina mbili zilizokuwa zimetengana huanza kuchanganyika hadi zinakuwa moja. Yaani kuna samaki waliopotea bila kuliwa na yeyote. Walipotea kwa kutoonana.

Najua washikaji watanikatiza hapa: acha kulia na furu, sangara ametupa mshiko! Ni kweli, nami sitaki kudanganya. Ziwa lililokuwa likitoa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 lilifikia kama tani 500,000 kuelekea 1990. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Jinja, Mwanza, Musoma. Watu wamejenga nyumba, wamesomesha watoto, na wengine tulikuwa hao watoto. Lakini ulizeni nani alikula nini. Furu walianikwa juani bila gharama, wakaliwa na maskini. Sangara ana mafuta mengi, haanikiki kirahisi. Anataka moshi, na moshi unataka kuni, na kuni ni miti ya visiwani. Kiwanda kilipofika na lori la barafu, mama aliyezoea kununua samaki mwaloni akashindwa bei. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Huku yakabaki mapanki, yaani mifupa na kichwa, yakakaangwa barabarani, na tukayala kwa furaha kwa sababu ndiyo tuliyoyaweza.

Na utafiti nao ulipigwa na siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi ya Jinja ikagawanyika kama mali ya marehemu. Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979, Tanzania ikaunda TAFIRI mwaka 1980, Uganda ikabaki na majengo ya Jinja. Samaki hawakupewa pasipoti, waliendelea kuvuka mipaka, lakini waliokuwa wakiwahesabu waliachana hasa katika miaka ile sangara alipolipuka. Ilibidi kungoja hadi tarehe 30 Juni 1994, nchi tatu zilipotia saini mjini Kisumu mkataba wa kuunda shirika la pamoja la uvuvi wa ziwa, LVFO. Tangu mwaka 2000 sensa ya uvuvi ikawa inafanyika kwa ziwa zima: mialo mingapi, mitumbwi mingapi, nyavu za aina gani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilianza pia kamati za wavuvi wenyewe za kusimamia mialo, kwa sababu hatimaye wakubwa walitambua kwamba askari mmoja hawezi kulinda pwani yenye maelfu ya mitumbwi.

Hapo ndipo nami nilipoingia katika historia hii, kwa mlango wa nyuma. Baada ya kidato cha nne nilikaa msimu mmoja kwenye mwalo mmoja nikishika daftari la takwimu. Kazi yenyewe si ya kujivunia: unaamka alfajiri, unasubiri mitumbwi, unaandika. Mtumbwi wa injini au kasia? Wavuvi wangapi? Nyavu za macho gani? Kilo ngapi za sangara, sato, dagaa? Bei? Nilijifunza kwamba kila namba iliyo katika ripoti kubwa ilianza hivyo, kwa kijana mwenye kalamu na miguu iliyolowa. Nilijifunza pia kwamba wavuvi huniona ninaandika wakadhani mimi ni wa ushuru. Mwenye kokoro hulificha. Mwenye timba husema ni za jirani.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinitazama sana, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hayo unayoandika yanakwenda wapi?"

Nikamjibu yanakwenda wilayani, halafu kwa watafiti.

"Na yakishafika huko, kuna siku yatarudi hapa tusomewe?"

Nikanyamaza. Mzee yule alikuwa akikumbuka majina ya furu ambayo mimi sijawahi kuyasikia: huyu wa kwenye mawe, huyu wa kwenye matete, huyu anayekuja baada ya mvua. Alikuwa maktaba nzima. Hakuna aliyemwuliza, na yeye hakuna aliyemjibu.

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Mwaka 2018 upande wetu wa Tanzania ilipita Operesheni Sangara. Nyavu haramu zilikamatwa na kuchomwa moto mwaloni. Sitetei timba wala kokoro, kwa kuwa nimeona watoto wa samaki wasiofika kiganja wakimwagwa mchangani. Lakini mtu akichomewa wavu bila kuwahi kuelezwa kwa nini sangara wa sentimita 30 hajazaa bado, anachokumbuka ni moto tu. Hukumbuka jina la afisa, hakumbuki sababu. Mwaka unaofuata atanunua wavu uleule, ila ataushusha usiku zaidi.

Leo mlango mwingine umefunguliwa. Vijana tunahimizwa tuunde vikundi, tukope, tufuge sato kwenye vizimba ziwani. Mimi naunga mkono. Samaki wa porini hawatoshi na watu tunaongezeka. Ila vizimba navyo vina elimu yake. Chakula kinachomwagwa na kinyesi cha samaki huzama. Mahali pasipo na kina cha kutosha wala mkondo, uchafu huo hula oksijeni. Upepo ukivuma vibaya, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu, na samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Novemba 2022 wafugaji upande wa Kenya waliamka wakakuta samaki wa vizimba wanaelea, jasho na mikopo yao vikinuka. Watafiti walitaja upungufu wa oksijeni. Tangu kabla ya hapo walikwisha shauri vizimba vikae wapi, kwenye kina gani na mbali kiasi gani na mazalia ya samaki. Lakini ushauri huo umeandikwa kwa lugha gani, na mkopaji wa kijijini anausoma wapi?

Hii ndiyo sababu naandika makala hii katika gazeti la waandishi chipukizi wala si la wataalamu. Sisi tunaotaka kuwa waandishi tunapenda kudhani kazi yetu ni mapenzi na siasa. Wenzangu, kati ya 1929 na leo, sayansi ya ziwa hili haikukosa ukweli hata siku moja. Ilikosa mtu wa kuubeba ukweli huo kutoka kabatini hadi mwaloni, kwa Kiswahili ambacho mvuvi angekiamini, na mtu wa kuyabeba maneno ya mzee kama yule kutoka mwaloni hadi kabatini. Fryer alikuwa na hoja nzuri, lakini alibishana na maafisa wenzake tu. Wavuvi na akina mama wanika furu, ambao ndio wangepoteza, hawakujua hata kwamba kuna mjadala.

Watafiti wamegundua kwamba tangu miaka ya 1990 aina chache za furu zimeanza kurudi, nyingine zikiwa zimebadilika mwili na chakula ili ziweze kuishi katika maji mapya. Kwa hiyo bado pana wa kulindwa. Dagaa ndio wanaoongoza sasa kwa uzito katika ziwa, na juu yao kuna maswali ambayo majibu yake yanaandikwa hivi sasa, katika daftari la kijana fulani mwenye miguu iliyolowa.

Riwaya yangu itangoja kidogo. Kwa sasa nimenunua madaftari mawili. La kwanza ninanakilia kwa Kiswahili chepesi yale ninayoyaelewa katika ripoti za samaki, ukurasa mmoja mmoja, nimsomee yeyote anayeshona wavu na kukubali kunisikiliza. La pili ni la majina ya furu, kama wazee wanavyoyataja. Nina majina 14 hadi sasa. Kama wewe unaishi Ukerewe, Bukoba, Musoma, Homa Bay au Entebbe na una bibi au babu, muulize kabla ya msimu huu kwisha.